Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Tiba wa Majeshi ya Afrika Mashariki, Juu ya Daftari la Majeruhi na Maradhi ya Vidonda

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Huduma za Tiba katika Majeshi ya Ulinzi ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Haja iliyonisukuma kushika kalamu haina lawama ndani yake wala udadisi wa mambo ya siri. Ni ombi moja tu, ambalo laweza kusemwa kwa maneno machache, lakini sharti litanguliwe na maelezo marefu kidogo ili lisidhaniwe kuwa ni ndoto ya mwandishi. Naomba muanzishe, au iwapo kila mmoja wenu analo lake basi muyaunganishe, daftari moja la majeruhi wa vita, litakaloandika jeraha na saa lilipopatikana, na zaidi ya hayo liandike yaliyotokea ndani ya jeraha hilo baada ya majuma na miezi: kama lilitunga usaha, kijidudu gani kiliota katika maabara, dawa gani ilitolewa na saa ngapi, na majeruhi mwenyewe hatima yake ilikuwa nini.

Damu humwagika mbele ya macho ya watu, na kwa hiyo hupata watu wa kuizuia. Usaha hufanya kazi yake ghaibu, siku nyingi baada ya bunduki kunyamaza, katika wodi ya mbali ambako daktari aliyelisafisha jeraha kwa mara ya kwanza hayupo. Mtazameni askari aliyekanyaga kilipuzi katika misitu ya Beni huko Kongo au kando ya barabara itokayo Mogadishu: mwenziwe humfunga paja kwa mshipi wa kuzuia damu, wabeba machela humfikisha kwenye hema la tiba la kikosi, hapo huongezwa damu na kukatwa nyama iliyokwisha kufa, kisha helikopta humchukua hadi hospitali kubwa ya eneo la operesheni, na baada yake ndege humleta Nairobi au Kampala au Dar es Salaam, na baada ya hayo yote, akiwa amelazwa katika hospitali ya jeshi ya nchi yake mwenyewe, na jamaa zake wamekwisha kuja na chupa ya chai, homa humpanda. Mikono mingi imekwisha kumgusa, na kila mkono umeandika karatasi yake, au haukuandika kitu. Na karatasi hizo, pasipo daftari la kuzikutanisha, hubaki kila moja katika mji wake. Daktari wa hema, ambaye ndiye aliyeamua nyama ipi ikatwe na dawa ipi ichomwe, hubaki na kazi yake kama fundi wa jahazi atiaye chombo kalafati kisha asipate habari kama kilifika Maskati au kilivuja kabla ya kupita Pemba. Na kesho, akiletewa majeruhi mwingine, atafanya vilevile alivyofanya jana, madhali jana haikumfundisha neno.

Jeshi la Marekani, ambalo lina mali kuliko majeshi yetu yote kwa pamoja, liliingia Afghanistan mwaka 2001 na Iraki mwaka 2003 likiwa na upofu huo huo, ingawa lilikuwa na mfano mwema katika historia yake lenyewe. Mwaka 1966, vita vya Vietnam vilipokuwa vikiendelea, mpasuaji Norman Rich alianzisha katika hospitali ya Walter Reed daftari la majeraha ya mishipa ya damu, ambalo liliendelea kuwafuata majeruhi kwa maelfu hata baada ya vita. Lakini hekima ya daftari lile ilibaki kwa wapasuaji wa mishipa, na majeraha mengine hayakupata mwandishi wa namna hiyo. Daftari la majeruhi wa jeshi zima lilikuja kujengwa vita vya Iraki na Afghanistan vikiwa vimekwisha kupamba moto, likawekwa chini ya taasisi ya utafiti wa upasuaji ya jeshi hilo iliyoko San Antonio, Texas. Wauguzi waliopewa kazi hiyo mahsusi walitumwa mpaka kwenye hospitali za uwanjani ili waandike, na kila juma madaktari wa uwanjani, wa hospitali ya Landstuhl nchini Ujerumani, na wa hospitali za Marekani kwenyewe walikutana kwa simu za video kuzungumza habari za mgonjwa mmoja mmoja, hata mpasuaji aliyekuwa Iraki akapata kusikia kwa masikio yake hali ya jeraha alilolifunga baada ya kuvuka bahari. Mimi naona kwamba mazungumzo hayo ya kila juma yalikuwa na thamani kuliko mashine zote walizonunua.

Hata hivyo, daftari hilo mwanzoni lilijua mengi ya risasi na machache ya usaha. Sehemu ya maambukizi iliongezwa baadaye, na Juni 2009 ukaanza uchunguzi mkubwa ujulikanao kwa kifupi kama TIDOS, chini ya chuo kikuu cha tiba cha majeshi yao kilichoko Bethesda, Maryland, uliowafuata majeruhi kutoka Landstuhl hadi hospitali za nyumbani, na wale walioridhia wakafuatwa hata baada ya kuvua sare. Hesabu iliyotoka humo ingetosha peke yake kuhalalisha kazi nzima: miongoni mwa majeruhi waliosafirishwa kwa njia hiyo na kulazwa, takriban theluthi walipatwa na maambukizi. Watu hawa walikwisha kuokolewa na kifo cha damu, wakavuka mabara mawili kwa ndege zilizo hospitali kamili, wakaingia katika wodi zilizo bora duniani, na bado theluthi yao ikaingiwa na maradhi. Nani miongoni mwetu atakayethubutu kudhani kuwa kwetu sehemu hiyo ni ndogo zaidi?

Thamani ya kuandika na kupima inaonekana zaidi pale inapovunja dhana iliyokwisha kukubaliwa na wakubwa, na hapa naomba ruhusa nikae kidogo. Tangu mwaka 2003 majeruhi wa Iraki walianza kufika Landstuhl na Walter Reed wakiwa na Acinetobacter baumannii, kijidudu kikaidi kisichosikia dawa nyingi, na ikaenea dhana kwamba asili yake ni udongo wa Iraki, na kwamba huingia mwilini pamoja na vumbi na vipande vya chuma wakati wa mlipuko. Dhana hiyo ilikuwa tamu, kwani ilimtwika dhambi adui na ardhi yake, ikamwacha kila tabibu na mikono mitakatifu. Watafiti walipokwenda kupima, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007, walikipata katika sampuli moja tu ya udongo kati ya 49, na juu ya ngozi ya mgonjwa mmoja tu kati ya 160. Ama katika hospitali za uwanjani, walizichunguza saba, na katika zote saba walikikuta. Kijidudu kilikuwa kikiwangoja majeruhi hospitalini. Basi tiba ya msiba ule ikawa katika kunawa mikono, kusafisha vitanda na mashine, kuwatenga waliokwisha kuambukizwa, na kuacha kuchoma dawa kali pasipo haja. Mambo hayo hayakuhitaji mbinu yoyote mpya; yalihitaji ithibati ya kuwaaibisha watu kidogo.

Kisa cha pili ni cha kuvu, nacho ndicho kilichonifanya niandike barua hii kwenu na si kwa watu wengine. Kati ya Juni 2009 na mwisho wa mwaka 2010, daftari na uchunguzi ule vilifichua majeruhi 37 ambao vidonda vyao viliingiwa na kuvu za jamii ya Mucorales, Aspergillus na nyinginezo, kuvu zinazopenya nyama na kuziba mishipa ya damu hata nyama ikafa siku baada ya siku, na mpasuaji akalazimika kurudi na kisu mara kwa mara, akikata leo na kukuta kesho kazi imeanza upya. Zaidi ya nusu yao ilibidi wakatwe tena mguu uliokwisha kukatwa. Daktari mmoja katika hospitali moja angeona wawili au watatu, akasikitika, akaenda zake. Daftari lilipowaweka pamoja, sura yao ikadhihirika: wote 37 walijeruhiwa na milipuko, zaidi ya tisa kwa kila kumi walikuwa wakitembea kwa miguu katika doria, karibu wote walikuwa kusini mwa Afghanistan, wengi mno walikwisha kupoteza mguu, na karibu wote walikwisha kuongezewa damu nyingi. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa hatari ilifuata nchi ya chini, yenye joto, kama bonde la mto Helmand lenye mashamba ya kumwagiliwa, ambako mlipuko huutia udongo na mboji ndani kabisa ya paja.

Natija ya maarifa hayo haikubaki kwenye makaratasi. Iliamriwa kwamba kila majeruhi mwenye sifa hizo akifika Landstuhl achukuliwe vipande vya nyama vipelekwe maabara pasipo kungoja dalili, na jeraha lake lioshwe kwa maji ya Dakin. Na kwa amri hiyo muda wa kuyatambua maradhi ulipungua kutoka siku tisa hivi baada ya kujeruhiwa hadi siku tatu. Maji hayo ya Dakin, kwa wasiokumbuka, ni dawa ya klorini iliyozimuliwa, aliyoitengeneza mkemia Henry Dakin na kuitumia mpasuaji Alexis Carrel huko Compiègne, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza. Ina umri wa zaidi ya miaka mia, na bei yake haiwezi kumshinda bwana fedha yeyote wa jeshi lolote.

Sasa geuzeni macho kwenye bonde la mto Shabelle nchini Somalia, ambako askari wa Uganda wamekuwapo kwa miaka mingi. Ni nchi ya chini, ya joto, yenye mifereji ya kumwagilia na mashamba ya ndizi yaliyolimwa tangu enzi ya Waitalia, na adui wa huko silaha yake aipendayo ni kilipuzi kilichofukiwa njiani. Sifa zote zilizoandikwa Helmand zimo, isipokuwa ndege ya kumfikisha mtu Ujerumani. Je, kuvu hizo huwapata vijana wetu? Swali hili lina jibu, nalo limo katika majalada ya wodi zenu. Ila jibu lililotawanyika katika nchi kadhaa na hospitali nyingi halimfai mgonjwa aliyeko kitandani usiku huu.

Daftari lina fadhila nyingine ambayo madaktari vijana hawaipendi: humzuia mtu kutoa dawa kwa wingi ili aonekane amefanya kazi. Mwongozo wa tiba wa Wamarekani wa mwaka 2008, na ule uliourekebisha mwaka 2011, uliwataka madaktari wa uwanjani watumie sefazolini kwa mifupa iliyovunjika na kutoka nje, kwa muda mfupi, wasiongeze dawa za kuua vijidudu vya kila namna kwa hofu tu. Wengi hawakusikia. Matokeo ya waliosikia na wasiosikia yalipolinganishwa, ilionekana kuwa waliopewa dawa za ziada walipata nafuu fulani kwa maambukizi ya ngozi na nyama, lakini mfupa haukupata faida, na vijidudu vilivyooteshwa kutoka kwao vilikuwa sugu zaidi. Huu ndio ukweli wenye pande mbili, ambao hakuna mtu angeupata kwa kuketi na kubishana, na ambao unatuhusu sana sisi ambao katika hospitali zetu nyingi seftriaksoni huchomwa kwa kila homa, na muuguzi akiulizwa sababu hujibu kwamba ndiyo iliyopo.

Wala jambo hili si bidaa ya Wamarekani. Florence Nightingale aliporudi kutoka Scutari baada ya vita vya Crimea, aliwaonyesha wakubwa wa Uingereza mwaka 1858, kwa hesabu na michoro, kwamba askari wao waliuawa zaidi na maradhi yazuilikayo kuliko walivyouawa na Warusi. Na David Bruce, yule yule aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale, ndiye aliyekusanya habari za wagonjwa wa pepopunda katika hospitali za kijeshi za Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Ama sisi, waheshimiwa, tunalo deni la daftari kuliko wengine. Katika vita hivyo hivyo, mamia ya maelfu ya wapagazi walichukuliwa kutoka pwani na bara, wakabebeshwa risasi na unga kutoka Voi hadi Morogoro na kutoka Kilwa hadi Ruvuma. Makumi ya maelfu wakafa, na waliouawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi mno kuliko waliouawa na risasi. Wanahistoria wanabishana juu ya idadi yao hadi leo, kwani wengi hawakuandikwa, au waliandikwa kwa majina ambayo mama zao wasingeyatambua. Hata ujira wa waliokufa ulibaki bila wa kuupokea. Wale walikuwa chini ya serikali za wageni. Vijana wa leo wako chini ya bendera zetu.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni siri: kwamba idadi ya majeruhi ni habari ya vita, na adui akiijua atafurahi. Baada ya shambulio la Januari 2016 juu ya kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia, wananchi wa Kenya walijifunza jinsi hesabu hizo zinavyofichwa kwa ukali. Mimi siwaombi mzitangaze. Naomba ziandikwe ndani ya nyumba, jina la askari libaki kwa jeshi lake, na kinachovuka mpaka kiwe ni jeraha, kijidudu, dawa na matokeo, pasipo kutaja kikosi wala mahali pa mapigano. Ya pili ni hofu ya lawama. Hii naiona kuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu daktari akijua kwamba ukurasa alioujaza utasomwa mbele ya baraza la kijeshi, ataujaza uongo, na daftari la uongo ni bora lisiwepo; kwa hiyo sharti amri ya kulianzisha itamke waziwazi kwamba halitatumika kumwadhibu mtu. Ya tatu ni uhasama uliopo siku hizi baina ya baadhi ya majeshi yenu, na juu ya hilo sina la kusema ila kwamba waanze wanaosikizana.

Ya nne ni umaskini, na hapa sitaki kuwahadaa. Karatasi ni rahisi, na muuguzi mmoja wa kuandika si gharama ya kutisha. Maabara ya kuotesha vijidudu, yenye mtaalamu na umeme usiokatika, ndiyo ghali. Lakini maabara za namna hiyo zimo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na watafiti wa jeshi la Marekani wenyewe wamekuwa wakifanya kazi nchini Kenya tangu mwaka 1969, kwa hiyo hamhitaji kwenda mbali kutafuta wa kumuuliza. Anzeni na hospitali tatu. Karatasi iwe moja, ya ukurasa mmoja, ifungwe pamoja na majeruhi tangu hema la kwanza, na iandikwe kwa Kiswahili, ambacho sasa ni lugha rasmi ya Jumuiya na kinafahamika kwa mhudumu wa Songea, wa Kitui na wa Bukavu. Iulize saa ya kujeruhiwa na saa ya dawa ya kwanza, kilichojeruhi, kama mahali palikuwa shamba, msitu au mji, chupa ngapi za damu, jeraha lilisafishwa mara ngapi na nani, maabara ilisema nini, na iwe na nafasi ya siku ya thelathini, ya mwezi wa sita na ya mwaka, kwa maana mfupa huweza kuoza mtu akiwa amekwisha kurudi kijijini kwake kulima. Kisha liwepo baraza dogo la matabibu, likutane kila juma kwa simu, lisome yaliyoandikwa, na liwe na mamlaka ya kubadili amri za tiba pale hesabu inapodai.

Naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, na jibu lenu, likiwa ndiyo au siyo, litolewe hadharani pamoja na sababu zake. Vijana walio Somalia na Kongo hivi sasa wanastahili kulijua.

Wasalaam,
Ni mimi raia mwenzenu.